Gati, stendi na soko la samaki vikae pamoja Bagamoyo? Jibu kwa mkaangaji wa Dunda

Msomaji wetu anakaanga samaki pwani ya Bagamoyo, karibu na Nyumba ya Forodha, na ni mkazi wa kata ya Dunda. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Huku kwetu siku hizi mazungumzo ni hayo hayo. Kuna wanaosema pwani yote ivunjwe ijengwe kisasa: gati la zege, stendi ya mabasi hapohapo na soko la samaki la ghorofa, tuwe kama Feri ya Dar es Salaam. Wazee wanasema mji mkongwe utaharibika. Manahodha wenyewe wamegawanyika. Mimi nina karai langu na watoto watatu, nikisikia neno 'kisasa' moyo unanidunda. Nikiitwa mkutanoni niseme nini? Nikubali au nikatae?"

Marahaba mwanangu.

Usikubali wala usikatae. Anza kwa kuuliza maji yanafika wapi. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hiyo, na karibu yote huanza na picha ya jengo: paa la bluu, miti iliyopangwa mstari, watoto wanatembea na puto. Mchoro wa maji haupo, au uko ukurasa wa arobaini ambao hakuna aliyeufungua. Kwa Bagamoyo kosa hilo ni kubwa kuliko kwingine, kwa sababu mji wenu haujawahi kushindwa na jengo. Umeshindwa na kina. Wajerumani walikuwa na makao yao makuu hapo, wakayahamishia Dar es Salaam mwaka 1891 kwa kuwa bandari ya Bagamoyo ni ya maji mafupi, meli kubwa zinabaki mbali. Nyumba ya Forodha waliijenga mwaka 1895, makao makuu yakiwa yameshaondoka. Ipo hadi leo, na mbele yake bado mizigo inashuka kwa kichwa na bega.

Wewe unaliona hili kila siku, lakini wajumbe wa mkutano hawalioni, kwa hiyo nitalieleza kama ninawaeleza wao. Jahazi linaingia na maji yanayojaa. Nahodha analisogeza mpaka chini panapogusa, kisha anasubiri. Maji yakianza kutoka, chombo kinapwelewa, kinalala kwa ubavu juu ya mchanga, na wachukuzi wanaingia: wa mbele maji kiunoni, wa nyuma magotini, mfuko wa kilo 50 kichwani juu ya kata ya nguo, mkono mmoja umeushika na mwingine unapima mawimbi. Akikosea hatua, sukari imekwenda. Ukitazama kwa saa nzima utaona hawafuati njia iliyonyooka. Wanazunguka sehemu fulani fulani zenye tope laini ambazo ramani yoyote haizionyeshi. Maarifa hayo ni ya bure na hakuna mhandisi aliyewahi kuwauliza. Mimi mwenyewe nilichelewa kuuliza, nilishazoea vipimo vya mashine.

Sasa hesabu. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3. Tuseme mita 3 na nusu. Tuseme pia ufukwe wenu unateremka mita 1 kwa kila mita 100, ambao ni mteremko wa kawaida wa fukwe za namna hiyo. Boti inayohitaji mita 2 za maji ikitakiwa ifunge gatini saa yoyote, hata maji yakiwa yamepwa kabisa, ncha ya gati lazima iwe mahali ambapo bamvua likijaa kina ni mita 5 na nusu. Hapo ni mita 550 kutoka mstari wa maji kujaa. Viwanja vitano vya mpira vikiunganishwa kwa urefu havifiki. Mpimaji akija na vifaa atatoa namba yake, itapungua au itaongezeka, lakini haitakuwa lile gati fupi la kupendeza lililo kwenye picha. Na gati la mita 550 halibebwi kwa kichwa. Linataka guta, mkokoteni au kenta iingie hadi mwisho. Maana yake wale wachukuzi wa kiunoni wamekwisha, isipokuwa waandikwe mapema kuwa ndio wenye maguta. Hilo liulizwe siku ya kwanza, si siku ya kukata utepe.

Kuna jambo ambalo wanaotaka stendi ufukweni hawajalifikiria, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Gati fupi na stendi vinafuata saa mbili tofauti. Basi linafuata saa ya ukutani: Coaster ya kwenda stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, inaondoka leo asubuhi, kesho vilevile, keshokutwa vilevile. Maji hayana habari na saa hiyo. Yanajaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Chombo kilichofunga leo saa mbili asubuhi, kesho kitafunga saa tatu kasoro dakika kumi. Baada ya wiki moja, saa mbili ileile hapo mbele ni mchanga mtupu na watoto wanacheza mpira. Kwa hiyo abiria wa basi na mzigo wa jahazi hawatakutana ila kwa bahati. Utakuwa umeleta moshi na honi za mabasi ufukweni ili yasubiri chombo ambacho siku hiyo kinafika usiku.

Ndiyo maana mfano wa Feri haukai. Pale Magogoni, ilipo Feri, mkondo wa kuingia bandarini una kina saa zote, kivuko cha Kigamboni kinakwenda na kurudi kutwa. Abiria anashuka, anavuka barabara, anapanda basi la mwendokasi Kivukoni, ambako njia ya kwanza inayotoka Kimara inaishia tangu 2016. Soko la samaki liko pembeni, lilijengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa 2002, limegawanywa katika zoni, na wakaangaji wana yao. Vitu vitatu vimekaa pamoja kwa sababu maji yameruhusu. Hata hivyo usidhani hakuna kero. Foleni ya kivuko na harufu ya soko si siri kwa mtu yeyote aliyepita.

Na Feri hiyohiyo ina funzo lingine, kwa wanaosema jenga kitu kipya mbali kidogo na watu watahamia. Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Wengi walitabiri kivuko kitabaki na watalii. Hakikubaki na watalii. Daraja linatokea Kurasini, na mtu wa miguu anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, hana shida ya kwenda Kurasini. Anataka kushuka Posta. Watu wanafuata miguu yao.

Hong Kong waliligundua hilo kwa gharama. Gati la vivuko vya Star Ferry upande wa Central, katikati ya mji, lilifungwa Novemba 2006 kupisha kujazwa kwa bahari na ujenzi wa barabara. Mwezi uliofuata mnara wake wa saa ukavunjwa huku watu wakiandamana. Gati jipya lilikuwa mbele zaidi, mita mia kadhaa tu kutoka la zamani. Mita mia kadhaa, kwa mtu mwenye gari, ni kupepesa jicho. Kwa mwenye mfuko wa sokoni ni sababu ya kupanda treni. Njia ya kivuko kutoka hapo kwenda Hung Hom, ng'ambo ya bandari, ilipungukiwa abiria, ikafungwa 2011. Sababu haikuwa hiyo moja, lakini nani aliyewahi kuongeza abiria kwa kuwaongezea mwendo?

San Francisco, Marekani, wao walikosea kwa barabara. Jengo lao la vivuko, la mwaka 1898, lilikuwa kati ya vituo vyenye abiria wengi kabisa duniani. Madaraja mawili yakaja, la 1936 na la 1937, vivuko vikafifia. Kisha wakajenga barabara ya juu ya ghorofa mbili ikapita mbele ya jengo lenyewe, ikautenga mji na bahari yake. Walibishana miaka thelathini kama ivunjwe. Tetemeko la Oktoba 1989 likaitikisa, 1991 ikaondolewa, na jengo likarekebishwa na kufunguliwa tena 2003. Unajua ndani waliweka nini? Soko la vyakula. Sydney nao wana barabara kama hiyo juu ya gati lao la Circular Quay tangu 1958. Mjadala wa kuivunja umezeeka, barabara ipo.

Nimekutoa Dunda nikakupeleka mbali kwa sababu moja: mkutanoni kuna mtu atasema barabara pana ya ufukweni ndiyo maendeleo. Mwambie waliokuwa nayo walifurahi ilipoondoka.

Kwenu barabara ina tatizo la ziada. Njia ya kufika pwani inapita mji mkongwe. Mtaa wa India ni mwembamba, na nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa haipendi kutikiswa. Tanzania iliiingiza Bagamoyo katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, pamoja na vituo vingine vya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu hadi Ujiji. Orodha ya awali si urithi wa dunia bado, lakini Coaster hamsini zinazogeuza mbele ya kuta hizo kila siku hazitasaidia kuupata. Maoni yangu, na hapa siyumbi: stendi ibaki juu mjini. Samaki hawahitaji stendi. Wanahitaji gari moja lenye barafu lifike karibu na mnada, lipakie dakika ishirini, liondoke. Hiyo ni sehemu ya kupakilia yenye nafasi ya kugeuza, choo na taa. Gharama yake ni chembe ya gharama ya stendi.

Gati je? Nisingelikataa. Ningeomba lisimame juu ya nguzo, lisiwe tuta la kifusi. Mto Ruvu unamwaga mchanga baharini kaskazini yenu, na mchanga wa pwani hautulii: kusi ikivuma unasukumwa upande mmoja, kaskazi ikivuma unarudishwa. Tuta linaukata huo mwendo. Upande mmoja mchanga unajaa mpaka vyombo havifiki, upande wa pili ufukwe unaliwa. Waulizeni watu wa Kunduchi, ambao mchanga uliochimbwa kwenye mito ya nyuma yao uliwanyima ufukwe mbele yao. Bahari ina daftari lake, ukikopa huku inadai kule. Nguzo zinaacha mchanga upite chini.

Tena ningeanza na kidogo. Mteremko wa zege unaoanza juu ya maji kujaa na kushuka hadi nusu maji, mpana kiasi cha guta mbili kupishana, wenye mikwaruzo ili mguu wenye tope usiteleze. Pembeni yake gati la nguzo la urefu wa wastani linalofanya kazi saa chache kabla na baada ya maji kujaa, kama manahodha wanavyofanya sasa. Halitapigwa picha na mawaziri, lakini mchukuzi hataingia tena hadi kiunoni. Kama baadaye mzigo utaongezeka, nguzo zinaongezewa mbele.

Usikubali mtu akuchanganyie hili na bandari ya Mbegani. Ile ni habari nyingine: mkataba wa 2013, jiwe la msingi Oktoba 2015, kusimamishwa 2019, mazungumzo kufufuliwa 2021. Ni bandari ya makontena, kusini ya mji. Haitashusha nguru wala vibua wako.

Sasa karai lako, maana ndilo lililokufanya uandike. Kule Zanzibar, bustani ya Forodhani ilipokarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009, wauza vyakula walitengewa eneo lao ndani ya bustani. Inawezekana, basi. Ila kutengewa eneo si kutengewa biashara. Niliwahi kuwa katika timu iliyochora soko dogo la samaki kwenye mji mmoja wa pwani. Tulichora meza za zege za kukaangia, safi, zenye mifereji, urefu wa kiuno. Tulijisifu kweli. Miezi miwili baadaye nikaenda: meza zimepangwa ndoo juu yake, na akina mama wako nje chini ya mti wa mkungu, wamekaa kwenye vigoda, makarai chini mbele yao. Mmoja akaniambia, bila hasira, "Baba, nani amekaanga samaki kutwa nzima amesimama?" Tulikuwa wanaume watano kwenye timu ile, hakuna aliyewahi kukaanga kutwa. Na paa letu lilielekea upande ambao kusi inaingiza moshi wote machoni.

Kwa hiyo ukifika mkutanoni omba vitu vya aina hiyo, vidogo na vya kupimika. Kutoka mnada hadi karai ni hatua ngapi? Ukinunua ndoo ya dagaa kwa dalali, nani ataibeba na kwa bei gani, ikiwa mnada umewekwa chini nanyi mmepandishwa ghorofani? Maana soko la ghorofa ninavyolijua, wateja huishia chini. Maji ya kuoshea yatatoka bomba gani, na magamba na mafuta machafu yatakwenda wapi? Ushuru wa kizimba utakuwa kiasi gani, na nani ataupandisha? Wakati wa ujenzi mtakaa wapi, miezi mingapi, na orodha ya watakaorudi ataitunza nani? Hilo la mwisho lisiachwe kwa mdomo. Nimeona orodha ya watu sitini ikirudi ina mia na ishirini, na nusu ya wale sitini hawamo.

Sheria zipo upande wako kuliko unavyodhani, ingawa hazitakutafuta nyumbani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo jengo la soko au stendi pale mbele lazima lijieleze kwa nini liko pale. Mradi wa ukubwa huo unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira inayopitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, na wananchi wanaoguswa wana haki ya kusikilizwa. Ombeni kuisoma ripoti kwa Kiswahili, si kusomewa muhtasari. Kuhusu fidia, kanuni za 2001 zinampa mwenye ardhi inayotwaliwa fidia ya faida iliyopotea: faida ya mwezi mara 36, ikithibitishwa kwa hesabu. Wewe uliyekaa ufukweni bila hati huna uhakika wa hiyo. Hapo ndipo pa kuuliza fedha ni za nani. Kama ni mkopo wa Benki ya Dunia, masharti yake yanatambua hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi, kwamba asaidiwe kurudisha riziki yake. Kwa vyovyote vile anza daftari leo: umenunua kiasi gani, mafuta, kuni, umeuza kiasi gani. Hata la kurasa arobaini la dukani linatosha. Mkaangaji mwenye daftari la mwaka mzima anazungumza tofauti na mwenye machozi.

Kazi ya mwisho haina gharama, na wewe na wachukuzi mnaiweza kabla ya mkutano wowote. Bamvua linakuja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na makubwa zaidi ni ya Machi na Septemba. Siku hiyo maji yakijaa, pigeni kigingi mahali yalipoishia. Yakipwa, mtu mmoja atembee na kamba yenye fundo kila mita kumi kutoka kigingi hadi maji yalipo, ahesabu mafundo, mwingine apige picha kwa simu yenye kuonyesha tarehe na saa. Fanyeni hivyo mara tatu, mwezi baada ya mwezi. Kisha mkutanoni, kabla hawajafungua ile picha ya paa la bluu, mpe mwenyekiti wa mtaa karatasi yenye idadi ya mafundo na umwombe aisome kwa sauti.